Jinsi Jiwe Linavyozaliwa Kando ya Nyota

Neno vumbi linatupotosha kidogo. Ukilisikia unafikiria kitu kilichokuwa kizima kikaliwa na muda: mwamba uliomomonyoka, udongo uliokanyagwa hadi ukawa unga, nguo iliyochakaa ikabaki nyuzinyuzi. Vumbi tunalolifagia ni mabaki. Wanaastronomia wamelichukua neno hilohilo wakalitumia kwa kitu chenye historia iliyo kinyume kabisa. Vumbi linaloelea kuzunguka nyota kubwa zinazozeeka halikusagwa na chochote. Lilijengwa, atomu moja ikishika nyingine, kutoka katika gesi ambayo muda mfupi kabla ilikuwa ya moto kiasi kwamba hakuna jiwe la aina yoyote ambalo lingedumu ndani yake. Ningepewa nafasi ya kulibatiza upya ningeliita masizi, kwa sababu masizi yanayotia weusi kioo cha taa nayo hayakusagwa: ni gesi ya moto iliyopanda, ikapoa, ikashikana ikawa chembe.

Kwa hiyo kuna maswali mawili. Jiwe huzaliwaje kando ya moto? Na likishazaliwa, huondokaje pale? La kwanza lina jibu zuri. La pili bado linawaumiza vichwa wanaolifanyia kazi, na ndilo linalonivutia zaidi.

Jitu lisilo na ngozi

Jitu kuu jekundu ni nyota iliyozaliwa na maada mara 8 hadi 25 hivi ya maada ya Jua, ikachoma hidrojeni ya kiini chake kwa pupa, kisha ikavimba. Jua letu lina riziki ya kuishi miaka bilioni 10. Nyota hizi humaliza maisha yao yote kwa miaka milioni 7 hadi 40 hivi, na hatua ya kuwa jitu kuu jekundu ni kipande kidogo tu cha muda huo. Inayojulikana kuliko zote ni Betelgeuse, au Ibuti la Jauza, ile nyota yenye wekundu katika kundinyota la Jabari. Nyingine ni Antares, moyo wa Nge. Ungeiweka Betelgeuse mahali pa Jua, ingemeza njia za Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, na uso wake ungefika kwenye ukanda wa asteroidi.

Kuvimba huko kuna matokeo mawili. Kwanza, uso hupoa. Nishati ileile inatoka kupitia eneo kubwa mno, kwa hiyo kila kipande cha uso hubaki na nyuzi 3,300 hivi za Selsiasi, wakati uso wa Jua una nyuzi 5,500. Ndiyo maana nyota inaonekana nyekundu. Pili, nyota hushindwa kujishikilia vizuri. Uso uko mbali sana na kiini, na mvutano hupungua kwa mraba wa umbali. Mtu mwenye kilo 70 angeweza kusimama juu ya Betelgeuse, mizani ingesoma gramu 60 hivi tu.

Nimesema "kusimama juu ya", na hapo nimedanganya kidogo, maana hakuna pa kusimama. Tunachokiita uso ni mahali ambapo gesi inakuwa nyembamba vya kutosha mwanga kuponyoka. Chini yake kunachemka. Gesi ya moto hupanda kwa viputo, humwaga joto lake juu, hupoa na kuzama tena, kama maji ya sufuria iliyo jikoni. Jua nalo huchemka hivyo, lakini kwa viputo vidogo vinavyohesabika kwa mamilioni. Kwenye jitu kuu jekundu viputo vikubwa ni vichache, na kimoja kinaweza kufunika sehemu kubwa ya upande tunaouona. Nyota kama hiyo haiwezi kuwa tufe lililonyooka; ina mabonde, madoa, na upande mmoja unaong'aa kuliko mwingine.

Nani anamshika nani

Gesi inayoinuka kutoka kwenye uso huo karibu yote ni hidrojeni na heli, na hizo haziwezi kuwa jiwe katika mazingira yale. Vinavyoweza kuganda ni vile vilivyomo kwa uchache: oksijeni, kaboni, silikoni, magnesi, chuma, alumini, titani. Hapo ndipo hesabu moja ndogo inapoamua kila kitu.

Gesi ikipoa, kaboni na oksijeni ndizo hushikana mapema, zikawa kaboni monoksidi. Kifungo cha molekuli hiyo ndicho imara kuliko vyote vya molekuli zenye atomu mbili. Ikishafungika, joto la kawaida la angahewa ya nyota halitoshi kuivunja. Basi kati ya hizo mbili, ile iliyo chache humalizika yote ndani ya molekuli hiyo. Kaboni ikiwa nyingi kuliko oksijeni, oksijeni inaisha na kaboni inayobaki hutengeneza masizi ya kweli na kabidi ya silikoni. Oksijeni ikiwa nyingi, kaboni ndiyo inayofungiwa, na oksijeni inayobaki huwa huru kuwashika silikoni, magnesi na alumini. Majitu makuu mekundu kwa kawaida yako upande huu wa pili. Vumbi lake ni mawe kwa maana halisi ya neno: oksidi na silikati, jamii ileile ya madini inayofanya sehemu kubwa ya miamba ya Dunia.

Hili si jambo la kukisia. Silikoni na oksijeni zikishikana ndani ya chembe, kifungo chao hutikisika na kutoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na mwingine karibu 18. Mwaka 1969 Neville Woolf na Edward Ney walionyesha kwamba nuru ya ziada kwenye mikromita 10 kutoka kwa nyota baridi inafanana na ile inayotarajiwa kutoka kwa silikati. Tangu hapo alama hiyo imekuwa kama alama ya kidole: ukiiona, unajua kuna punje za mawe zenye joto zinazoizunguka nyota. Baadaye setilaiti ya ISO ya Ulaya, iliyofanya kazi kati ya 1995 na 1998, ilichambua mwanga huo kwa undani zaidi ikakuta hata fuwele zilizopangika vizuri, hasa forsteriti na enstatiti, ambazo ni silikati za magnesi.

Punje moja, tangu mbegu

Tuifuate chembe moja.

Gesi imerushwa juu ya uso na inasafiri kwenda nje. Kadiri inavyokwenda inapoa, na pia inatawanyika. Mambo hayo mawili yanavutana. Kupoa kunasaidia, maana atomu zinazokutana zikiwa na mwendo mkali hugongana na kuachana. Kutawanyika kunaharibu, maana zikiwa mbali mno hazikutani kabisa. Chembe inaweza kuzaliwa tu katika ukanda ambao gesi imeshapoa vya kutosha na bado haijawa nyembamba kupita kiasi. Ukanda huo si mpana.

Wa kwanza kuganda ni wale wanaostahimili joto. Molekuli za alumini na oksijeni hujikusanya kuwa vishada vya atomu chache, vingi vikivunjika kabla havijafika popote, hadi kimoja kinapata ukubwa wa kutosha kushikilia kila kinachokigusa. Oksidi za titani nazo zinafikiriwa kutoa mbegu za namna hiyo. Kufikia nyuzi 1,200 hadi 1,400 hivi, oksidi ya alumini inaweza kudumu kama kitu kigumu. Madini hayo yanaitwa korundumu, na yakitiwa rangi na uchafu kidogo wa kromi au wa chuma na titani ndiyo tunayoyaita yakuti. Kwa hiyo mbegu ya vumbi la nyota ni yakuti isiyo na rangi, ndogo kuliko kitu chochote ambacho sonara aliwahi kukiona.

Ajabu nyingine ni kwamba hakuna hatua ya umajimaji. Duniani korundumu huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, na tungetarajia gesi ipite kwenye matone kabla ya kuwa jiwe. Lakini pale angani shinikizo ni dogo mno, mithili ya ombwe, na katika hali hiyo mvuke huruka moja kwa moja hadi kuwa kitu kigumu, kama sakitu inavyotanda kwenye kioo bila maji kuonekana. Hiyo pia ndiyo sababu madini hayo huanza kuganda kwenye joto la chini sana kuliko lile la kuyeyukia.

Mbali kidogo, joto likishuka chini ya nyuzi 900 hivi, silikati zinaanza kukaa juu ya mbegu. Molekuli ya oksidi ya silikoni inatua, atomu ya magnesi inatua, oksijeni inaletwa na mvuke wa maji uliomo kwenye gesi. Gamba linanenepa. Atomu kwa atomu chembe inafikia upana wa nusu ya mikromita. Hapo ina atomu bilioni kadhaa, na bado zingehitajika zaidi ya 100 kama hiyo, zikiwa zimepangwa mstari mmoja, kuvuka unene wa unywele. Kisha gesi inakuwa nyembamba kiasi kwamba hakuna tena wa kutua. Ukuaji unasimama.

Jiwe linalopitisha mwanga

Sasa tuje kwenye swali la pili. Maelezo yaliyozoeleka ni mepesi na yanavutia: mwanga wa nyota unaisukuma chembe, chembe inagonga gesi iliyo jirani, na gesi inabebwa pamoja nayo. Nyota kwa namna hiyo inajipeperusha yenyewe kwa nuru yake. Chembe ni sehemu ndogo tu ya mzigo, kiasi cha gramu 1 kwa kila gramu 200 za gesi, lakini zinafanya kazi ya tanga.

Shida inaanza ukiuliza tanga hilo ni la rangi gani. Tanga jeusi ndilo linaloshika mwanga vizuri. Silikati yenye chuma ndani yake ni nyeusi, inameza mwanga na kusukumwa sawasawa. Lakini kinachomeza mwanga kinapata joto, na karibu na nyota chembe nyeusi hupata joto hadi inarudi kuwa mvuke. Chembe inayodumu pale karibu ni ile isiyo na chuma, silikati safi ya magnesi, ambayo ni angavu kama kioo katika rangi ambazo nyota hutoa kwa wingi. Mwanga unapita ndani yake bila kuichoma. Na kwa kuwa unapita, hauisukumi. Chembe inayoweza kusukumwa inaungua, na chembe isiyoungua haisukumwi.

Njia ya kutoka ilipendekezwa mwaka 2008 na Susanne Höfner wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, akishughulika na majitu mekundu ya kawaida, yale ambayo nyota kama Jua hugeuka kuwa uzeeni. Alisema tusiangalie mwanga unaomezwa, tuangalie unaokengeushwa. Hata kioo angavu hupindisha njia ya mwanga, na kila fotoni, yaani punje ya mwanga, inayogeuzwa huiachia chembe msukumo kidogo. Ila chembe ndogo sana hazigeuzi karibu chochote. Ukiongeza upana wa chembe mara mbili, msukumo kwa kila gramu unaongezeka mara 8, na hali hiyo inaendelea hadi ukubwa wa chembe ukaribiane na urefu wa wimbi la mwanga wenyewe. Nyota za joto hili hutoa mwanga mwingi zaidi karibu na mikromita 0.8 hadi 1. Kwa hiyo chembe angavu ikifanikiwa kukua hadi sehemu kadhaa za kumi za mikromita, inapata tanga bila kuwa nyeusi. Mwaka 2012 Barnaby Norris na wenzake walikuta chembe za nusukipenyo cha takriban mikromita 0.3 karibu kabisa na majitu mekundu matatu, W Hydrae, R Doradus na R Leonis. Ukubwa ulikuwa uleule uliotakiwa. Nadharia chache hupata bahati hiyo.

Ungedhani basi habari imekwisha, tuihamishe tu kwa majitu makuu. Haihamishiki kirahisi hivyo. Jitu jekundu la kawaida hudunda kwa nguvu, linavimba na kunywea, na kila mdundo unarusha gesi hadi kwenye ukanda wa baridi ambako chembe huzaliwa. Majitu makuu mekundu hudunda kwa unyonge zaidi. Mwaka 2015 Belén Arroyo-Torres na wenzake walilinganisha angahewa za nyota hizi, kama zinavyoonekana kwa darubini zilizounganishwa za VLTI nchini Chile, na mifano ya kompyuta ya midundo na mchemko. Angahewa halisi zilikuwa zimetanuka kuliko mifano yote ilivyoweza kuzitanua. Kuna kitu kinaiinua gesi kabla vumbi halijapatikana la kuisukuma, na midundo peke yake haitoshi. Wengine wanatazama msukosuko wa gesi yenyewe, wengine sumaku. Uga wa sumaku wa karibu gausi 1 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku) ulipimwa kwenye Betelgeuse mwaka 2010. Mimi naona usahihi wa kusema "vumbi ndilo linalosababisha upepo wa nyota hizi" umeshapitwa na wakati, ingawa sentensi hiyo bado inanakiliwa kila mahali. Vumbi huenda ni abiria aliyepanda gari ambalo tayari limewashwa, kisha akasaidia kulisukuma.

Msimu Betelgeuse ilipofifia

Desemba 2019 Edward Guinan na Richard Wasatonic wa Chuo Kikuu cha Villanova, Marekani, walitoa taarifa kwamba Betelgeuse imefifia isivyo kawaida. Ikaendelea kufifia. Kufikia katikati ya Februari 2020 ilikuwa imepoteza karibu theluthi mbili ya mwanga wake, na mtu yeyote aliyezoea kundinyota la Jabari aliweza kuiona tofauti kwa macho matupu. Vichwa vya habari vikaanza kuizika nyota ambayo haijafa.

Maelezo mawili yalishindana. La kwanza: nyota yenyewe imepoa. La pili: kuna vumbi limekaa mbele yake. Emily Levesque na Philip Massey walipima joto lake tarehe 14 Februari 2020 wakapata karibu nyuzi 3,300, pungufu kidogo sana ya kipimo cha mwaka 2004. Kupoa kidogo namna hiyo kusingeeleza giza lote. Wakaelekeza kidole kwa vumbi, na kwa vumbi la aina maalumu: chembe kubwa. Chembe ndogo huzuia zaidi mwanga wa bluu na kuacha mwekundu upite, kwa hiyo nyota ingeonekana nyekundu zaidi. Chembe kubwa huzuia rangi zote karibu sawa, na nyota inapungua mwanga bila kubadilika rangi.

Picha zilizopigwa kwa kifaa cha SPHERE kwenye darubini kubwa ya VLT huko Chile zilionyesha kwamba giza halikuwa limesambaa sawasawa. Upande wa kusini wa nyota ndio uliotiwa kivuli. Miguel Montargès na wenzake, katika matokeo yaliyochapishwa 2021, walijenga mfuatano huu: nyota ilitema kiputo kikubwa cha gesi, baadaye eneo la uso chini ya kiputo hicho likapoa, kupoa huko kukaipunguzia gesi joto lililokuwa likiizuia kuganda, vumbi likazaliwa, likatufunikia sehemu ya nyota. Vipimo vya urujuanimno vya darubini ya Hubble, vilivyosimamiwa na Andrea Dupree, vilikuwa vimeiona gesi nzito ikipanda upande huo kati ya Septemba na Novemba 2019, kabla giza halijakolea.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda kuliko yote kwa sababu haukutafutwa. Setilaiti ya hali ya hewa ya Japani, Himawari-8, hupiga picha ya Dunia nzima kila dakika 10, na pembezoni mwa picha kuna ukanda mwembamba wa anga. Betelgeuse ilikuwa ikipita kwenye ukanda huo. Daisuke Taniguchi na wenzake walichimbua picha za miaka minne na nusu hivi na kupata mwendo mzima wa tukio, mwanga wa kawaida na infraredi pamoja, bila mawingu wala mchana kuingilia. Hesabu yao ilitoa hukumu ya kugawana: kupoa kwa nyuzi kama 140 na vumbi vilichangia karibu nusu kwa nusu.

Hapo ndipo kitu kilichokuwa nadharia kilipoonekana kikitendeka. Chembe zilizaliwa kwa muda wa miezi, si karne. Zilizaliwa kwenye bonge moja upande mmoja wa nyota, si kwenye ganda la duara lililozunguka kote kama vitabu vilivyokuwa vikichora. Na kilichozianzisha ni mtemo wa gesi uliofuatwa na baridi.

Ukiijua hadithi ya Betelgeuse, VY Canis Majoris, jitu kuu jekundu jingine, inaonekana kama ndugu yake aliyepoteza breki. Iko mbali zaidi, karibu miakanuru 3,900, na kila mwaka inapoteza gesi na vumbi vyenye maada mara 30 hivi ya Dunia. Imezungukwa na mafundo na matao ya vumbi yaliyotoka kwa nyakati tofauti na kwa pande tofauti. Mwaka 2015 Peter Scicluna na wenzake walitumia SPHERE kuipima. Mwanga uliogonga chembe hutoka ukiwa unatikisika kwa mwelekeo mmoja zaidi kuliko mingine. Miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji hutumia tabia hiyohiyo. Kiasi cha mpangilio huo, kikipimwa katika rangi mbalimbali, kinafichua ukubwa wa chembe. Jibu lilikuwa nusu ya mikromita, karibu mara 50 ya chembe za kawaida zinazoelea kati ya nyota. Ni kubwa vya kutosha kusukumwa na mwanga, na kubwa vya kutosha, pengine, kunusurika sehemu ya kile kinachokuja.

Nyuma ya pazia

Kinachokuja ni mlipuko. Kiini cha jitu kuu jekundu kikishajaa chuma huporomoka, na nyota hulipuka kuwa supanova. Mmweko wa kwanza hugeuza kuwa mvuke chembe zote zilizo karibu, na wimbi la mshtuko linalofuata husaga nyingi za zile zilizo mbali. (Hapo ndipo, mwishowe, neno vumbi la kusagwa linapopata haki yake.) Chembe kubwa husagika polepole kuliko ndogo.

Lakini kabla ya kuangamizwa vumbi linaweza kuwa limetudanganya. Wanaastronomia wana desturi ya kupekua picha za zamani kila supanova inapotokea jirani, wakitafuta nyota iliyokuwa mahali pale. Mwaka 2009 Stephen Smartt na wenzake walikusanya matokeo ya upekuzi huo wakaona upungufu: majitu makuu mekundu yaliyopatikana yalikoma kwenye maada mara 17 hivi ya Jua, ilhali angani tunaziona nyota za aina hiyo zenye maada kubwa zaidi. Nzito zilikwenda wapi? Labda huporomoka kimyakimya kuwa mashimo meusi. Au labda zilikuwepo kwenye picha, zikiwa zimejifunika vumbi lao wenyewe kiasi cha kuonekana hafifu au kutoonekana.

Kwamba jitu linaweza kujifunika hivyo, hakuna ubishi tena. Novemba 2024 Keiichi Ohnaka na wenzake walitoa picha ya WOH G64, jitu kuu lililo katika Wingu Kubwa la Magellan, miakanuru 160,000 kutoka hapa, picha ya kwanza ya karibu ya nyota ya nje ya galaksi yetu. Walichokiona ni kifuko cha vumbi chenye umbo la yai. Nyota yenyewe ilikuwa imefifia katika miaka 10 iliyotangulia.

Kisha, Juni 2025, supanova ilionekana katika galaksi NGC 1637, karibu miakanuru milioni 40 kutoka kwetu. Ikapewa jina SN 2025pht. Charles Kilpatrick wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake wakafungua picha za zamani. Kwenye picha za Hubble za mwanga wa kawaida nyota ilikuwa karibu haipo. Kwenye zile za infraredi za darubini ya James Webb ilikuwa pale, nyekundu na angavu. Vumbi lilikuwa limeuzuia mwanga wake wa kawaida hadi kubakiza chini ya sehemu moja kwa mia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Webb kuiona nyota iliyokuja kulipuka.

Walipolinganisha mwanga huo na aina za vumbi, silikati hazikukaa vizuri. Iliyokaa ni grafiti, yaani kaboni, kwenye nyota ambayo kwa hesabu ya oksijeni na kaboni ilipaswa kutoa mawe. Wanachopendekeza ni kwamba mchemko wa miaka ya mwisho ulizama hadi chini, ukaichota kaboni ya ndani na kuileta juu, hadi mizani ikapinduka. Nyota hiyo, muda mfupi kabla ya kulipuka, ilikuwa ikitoa masizi.